Simu Inamjua Baba, Haimjui Mtoto



Likizo iliyopita tulikuwa nyumbani Kagunga, kule kaskazini mwa pwani yetu ya Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa na kikao kifupi na wazee wa kanisa. Nje mlangoni watoto watatu wa mafundisho walikuwa wakikimbizana na kupiga kelele. Tukafanya wanalofanya wazazi wengi: tukatoa simu yetu, tukawafungulia tovuti moja ya burudani yenye katuni na magemu ya bure, tukawaambia, "Haya, kaeni hapo mtulie." Wakatulia. Kikao kikaisha vizuri, nasi tukajisifu moyoni kwa busara yetu.

Siku ya tatu mmoja wao, mvulana wa miaka 12, alitufuata ufukweni ambako kina mama walikuwa wakianika dagaa. Akatoa shikamoo, akasimama kimya kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Frateri, eti ukiweka mkeka wa elfu mbili unapata laki?" Tukamuuliza habari hizo amezitoa wapi. Akajibu bila hila yoyote, "Kwenye simu yako. Katuni ilisimama, akatokea mtu anacheka, ana hela nyingi. Akasema ni rahisi."

Tungependa kuwaambia kwamba aliuliza kabla ya kujaribu. Sivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameshampa kijana mmoja wa pale ufukweni shilingi 2,000 amwekee mkeka. Hela ilikuwa ya mama yake, alitumwa nayo mafuta ya kula. Ilikuwa imekwenda, na tangu jana yake alikuwa akikwepa kurudi nyumbani mpaka giza liingie.

Tunaandika makala hii kwa sababu ya elfu mbili zile. Si nyingi, lakini zilitufanya tujiulize swali ambalo hatukuwa tumejiuliza darasani katika masomo yetu yote ya falsafa: mtoto anapoishika simu ya mtu mzima, nani yuko upande wa pili wa kioo, na anadhani anaongea na nani?

Dagaa hailipii taa

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa mwambao wetu analijua. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi huingia ziwani na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wanakusanyika kwa wingi, kisha wavu unainuliwa. Ukisimama ufukweni ukatazama zile taa utasema ni mji mzuri umejengwa juu ya maji. Lakini hakuna mvuvi anayenunua betri ili dagaa waone vizuri. Dagaa hailipii taa, kwa kuwa dagaa ndiyo bidhaa.

Tovuti nyingi za burudani zinaendeshwa hivyo hivyo. Katuni ni ya bure, gemu ni la bure, wimbo ni wa bure. Anayelipa ni mwenye tangazo, na anachonunua ni macho ya anayetazama. Ukurasa unapofunguka huwa na nafasi zilizoachwa wazi kwa ajili ya matangazo. Kufumba na kufumbua, mashine zinafanya mnada: nafasi hii ipo, anayeifungua yuko mahali fulani, anatumia simu ya aina fulani, anakadiriwa kuwa na umri fulani, juzi na jana alisoma habari hizi na hizi. Nani anatoa zaidi? Mwenye kushinda mnada ndiye tangazo lake linaonekana. Mtazamaji anaona picha imetokea tu, hajui kwamba ameuzwa.

Sasa rudini kwenye simu yetu. Akaunti ina mwaka wetu wa kuzaliwa. Kila jioni tunafungua habari za mpira, tunasoma matokeo ya Simba na Yanga na ligi za Ulaya. Kwa hiyo mashine inajua, na inajua sawasawa, kwamba mwenye simu ni mwanamume wa miaka 25 anayependa mpira. Ikamletea tangazo linalomfaa mtu wa namna hiyo, yaani la kubeti. Haikukosea kwa upande wake. Kitu kimoja tu haikukijua: kwamba wakati ule macho yaliyokuwa mbele ya kioo yalikuwa ya mtoto wa darasa la sita.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu. Simu inamjua baba, inamjua mama, inamjua frateri. Mtoto haimjui.

Ngao iliyofungwa kwenye akaunti

Wapo watakaosema jambo hili ni la serikali, iweke sheria. Tunakubali kwamba sheria ni muhimu, na zipo. Marekani ilitunga mwaka 1998 sheria ya kulinda faragha ya watoto mtandaoni, ikaanza kazi mwaka 2000. Sheria hiyo inazuia tovuti kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi, na ndiyo sababu mitandao mingi inaandika kwamba mtumiaji awe na miaka 13. Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 kutokana na madai ya kukusanya taarifa za watoto kinyume cha sheria hiyo. Umoja wa Ulaya nao umekataza mitandao mikubwa kuwaonyesha watoto matangazo yanayotokana na kufuatilia nyendo zao.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na michezo ya kubahatisha hairuhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18.

Lakini angalieni ngao hizi zimefungwa wapi. Nyingi zinafanya kazi pale tu tovuti inapojua kwamba anayetazama ni mtoto. Zinamfaa mtoto mwenye kishikwambi chake na akaunti yake, ambayo wazazi wake wameifungua na kuiwekea mipaka. Google wana hata programu ya kumsaidia mzazi kuweka mipaka hiyo kutoka kwenye simu yake. Ni kitu kizuri. Lakini kinadhani nyumba ina simu mbili za kisasa, moja ya mzazi na moja ya mtoto.

Nyumba zetu nyingi si hivyo. Simu ya kisasa ni moja, na ni ya ukoo. Asubuhi ni ya baba, mchana inabaki na mama sokoni, jioni inapita mikononi mwa watoto wanne mpaka chaji iishe. Akaunti ni moja, ya mtu mzima, na pengine ilifunguliwa na fundi dukani siku simu iliponunuliwa. Katika nyumba kama hiyo mtoto wa miaka 11 anapita katikati ya sheria zote bila kuguswa, kama dagaa mdogo apitavyo kwenye matundu ya wavu wa migebuka. Tofauti ni kwamba upande wa pili anakoingia hakumwachi huru.

Utafiti wa mwaka 2022 uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL ulionyesha kwamba kama theluthi mbili ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Dar es Salaam na Arusha. Boti inayotoka Kibirizi inaleta sukari na sabuni Kagunga, na vocha pia.

"Wanyang'anyeni tu!"

Wazee wetu wana jibu fupi: mtoto asiguse simu. Tunawaheshimu wazee, na kwa watoto wadogo sana tunakubaliana nao. Hata kwa wakubwa kidogo, kupumzika ni dawa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu bila kuvua haikuwa rahisi kwa watu wa mwambao, lakini maana yake ilieleweka: kitu kisichopumzishwa kinakwisha. Nyumba ambayo simu inapumzika wakati wa chakula, wakati wa sala na wakati wa kulala inafanya jambo jema.

Lakini kunyang'anya peke yake hakutoshi, kwa sababu mbili.

Kwanza, hatuwezi kukataza kile tunachokiagiza. Ni nani anayemsomea bibi ujumbe wa pesa zilizotumwa kutoka Kigoma? Ni mjukuu wa miaka 11. Nani anamwonyesha babu namna ya kumtafuta mwanawe aliyeko Mwanza ili waonane kwa video? Ni huyo huyo. Watoto hawa wamekuwa makarani wa nyumba. Tunawapa simu kwa kazi zetu, kisha tunashangaa wanapoifungua kwa ajili yao.

Pili, anayekatazwa bila kufundishwa hukutana na kitu kile kile siku moja akiwa peke yake. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio alipokuwa Roma akisomea sheria. Alipio aliyachukia maonyesho ya watu kuuana kwa mapanga. Rafiki zake wakamvuta kwa nguvu mpaka uwanjani. Akawaambia wanaweza kuuburuta mwili wake, si moyo wake, akakaa amefumba macho. Ghafla umati ukapiga kelele kubwa. Alipio alikuwa amefumba macho, masikio hakuyaziba. Akafumbua ili aone kuna nini, na kuanzia hapo akawa mtazamaji kuliko wale waliomleta. Kosa lake halikuwa udhaifu kuliko wengine. Alidhani kukataa kwake peke yake kunatosha, na pale uwanjani hakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Mtoto tunayemwambia "usitazame mambo mabaya" tunamwacha mahali pale pale alipokuwa Alipio. Tovuti za burudani zimejaa kelele za umati: kitu kinachometameta, sauti inayosema umeshinda, saa inayohesabu sekunde kurudi nyuma ili usipate nafasi ya kufikiri, alama ya kufunga iliyo ndogo kuliko punje ya mchele ili kidole kikosee. Mtu mzima mwenye shahada anakosea hapo. Sembuse mtoto!

Rika la katikati

Tunawaongelea hasa watoto wa miaka 9 hadi 13. Kanisani tunalijua rika hili vizuri: ni wale walio kati ya Komunyo ya kwanza na Kipaimara. Si wadogo wa kubebwa, wala si vijana wa kuachiwa. Ni rika linaloanza kuuliza kwa nini.

Mwaka 2004 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa taarifa juu ya watoto na matangazo. Ilieleza kwamba watoto walio chini ya miaka 8 hivi hawana bado uwezo wa kutambua kwamba tangazo limekuja kuwashawishi. Wanalipokea kama habari ya kweli. Wale wa rika letu la katikati wanaweza kutambua, ila mara nyingi mpaka wakumbushwe. Maarifa wanayo, lakini yamelala. Akiwepo mtu wa kuwauliza, yanaamka. Asipokuwepo, katuni inaendelea na tangazo linapita nalo.

Hii ni habari njema kwetu maskini. Maana yake ni kwamba kinachomsaidia mtoto wa rika hili zaidi ya vyote si kifaa cha bei kubwa. Ni mtu aliyeketi karibu naye na kumuuliza maswali. Mtu wa namna hiyo Kagunga tunaye. Tunao wengi.

Kanisa halijakaa kimya kuhusu jambo hili. Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo. Hati ile haisemi tangazo ni dhambi. Inakiri faida zake, kisha inaweka misingi mitatu ya kulipima: ukweli, hadhi ya binadamu, na wajibu kwa jamii. Miaka kumi baadaye Papa Benedikto XVI aliufanya ujumbe wake wa Siku ya Mawasiliano Duniani ya 2007 kuwa juu ya watoto na vyombo vya habari, akiutazama uhusiano huo kama kazi ya malezi.

Nasi hatusemi tangazo ni dhambi. Mama anayepita mlangoni asubuhi akiita "migebuka, migebuka!" anatangaza. Lakini sura yake unaiona, jina lake unalijua, na samaki wake unawanusa. Akikuuzia waliooza utamrudia kesho. Tangazo la kwenye kioo mara nyingi limeficha vitu vyote vitatu: nani anauza, anauza nini, na utamrudia wapi. Wakati mwingine limevaa nguo za katuni yenyewe. Mtoto mwenzake anafungua mdoli mpya huku anacheka, kumbe amelipwa acheke. Gemu linamwambia atazame video fupi ili apewe sarafu za kuchezea, kumbe video ni tangazo na sarafu ni ujira wake wa kulitazama. Kitufe kimeandikwa "pakua hapa", kumbe hakipakui katuni yoyote.

Filipo aliketi naye

Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya towashi Mwethiopia aliyekuwa garini akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alimkuta anasoma peke yake asichokielewa. Hakumnyang'anya kitabu. Hakumhubiria kwa mbali. Alimuuliza kama anaelewa anachosoma, akapanda, akaketi naye, wakaanzia pale pale alipokuwa amefikia.

Tunapendekeza wazazi, makatekista na sisi mafrateri tufanye kama Filipo. Haya ndiyo tuliyoyajaribu kwa wiki mbili zilizobaki za likizo, na tumeona yanawezekana hata mahali penye simu moja.

Tulianza na maswali matatu. Kila kitu kinapotokea kwenye kioo bila kuitwa, mtoto aulize: Nani amekiweka hiki hapa? Anataka nifanye nini? Nani atalipa? Tuliyafanya kuwa mchezo. Watoto watano, simu moja, dakika kumi. Anayeliona tangazo kwanza anasema "taa!", kisha anajibu maswali matatu. Siku ya kwanza walikosa mengi kuliko waliyoyapata. Siku ya nne waliyaona hata yale tuliyokuwa sisi wenyewe hatujayatambua.

Kisha tukafunga ulimi wa vidole. Mtoto asijaze mahali popote namba ya simu, jina kamili, jina la shule, wala namba ya siri ya mzazi, hata akiambiwa ameshinda pikipiki. Nanyi wazazi, badilisheni ile namba ya siri ambayo mtoto anaijua kwa sababu mlimtuma atoe hela kwa wakala. Tumieni namba anayoijua mwenye hela tu.

Jambo jingine ni kuzima data. Video iliyopakuliwa mapema na mtu mzima, ikatazamwa data ikiwa imezimwa, mara nyingi haileti tangazo jipya. Magemu mengi nayo hukosa matangazo yakichezwa bila intaneti. Na kwa kuwa matangazo ya video yanakula bando kama video nyingine, mzazi anaokoa pia fedha. Kwenye simu za Android mtu anaweza kuingia sehemu ya mipangilio, mahali pa matangazo, akafuta ile namba ya utambulisho inayotumiwa kumfuatilia. Ni kazi ya dakika moja. Haiondoi matangazo, lakini inapunguza kufuatwa.

La mwisho ni gumu kuliko yote: mtoto akija kusema amebonyeza kitu kibaya, asipigwe. Tunajua hasira ya mzazi ambaye salio lake limekwenda. Lakini fimbo ya siku ile inamfundisha mtoto jambo moja tu, kwamba mara nyingine anyamaze. Na siku atakayokutana na kitu kibaya kuliko tangazo, mtu mzima asiyemjua anayemwomba picha, kwa mfano, atanyamaza pia. Mtoto anayekuja kusema mwenyewe ashukuriwe kwanza. Maonyo yatafuata.

Tuliyasema haya kwa mama wa yule mvulana tulipompeleka nyumbani jioni ile. Tulimweleza kwamba kosa la kwanza lilikuwa letu, maana simu ilikuwa yetu na tuliitoa ili tupate utulivu wetu. Tukamrudishia elfu mbili yake. Mama alitutazama kwa muda, akapokea, akasema, "Sawa, Frateri. Lakini msiwe mnawapa watoto simu kisha mnaingia kikaoni." Hatukuwa na la kujibu. Mvulana alisukumiwa sahani ya ugali, akala.

Kwa ndugu zetu mafrateri

Neno kwenu mlio seminarini pamoja nasi. Tunapokwenda likizo tunaonekana kuwa wataalamu wa mambo ya mtandao. Tunaombwa kufungua akaunti, kurekebisha simu, kuanzisha kundi la jumuiya. Tukimaliza tunaondoka. Sasa tuongeze robo saa. Baada ya kipindi cha Utoto Mtakatifu tukae na watoto tucheze mchezo wa "taa!". Shirika la Utoto Mtakatifu, tangu Askofu Charles de Forbin-Janson alipolianzisha Ufaransa mwaka 1843, limesimama juu ya wazo kwamba watoto huwasaidia watoto wenzao. Mtoto mmoja aliyezoea kuuliza maswali matatu atawafundisha wadogo zake nyumbani kuliko hotuba zetu zote.

Tuwaonyeshe pia kwamba mtandao si adui. Wana sasa mtakatifu wa karibu na rika lao, Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda kompyuta, alicheza magemu, akatengeneza tovuti juu ya miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa kwamba alijiwekea kipimo cha saa za kucheza. Mahali ambapo vitabu ni vichache, simu inaweza kumletea mtoto hesabu, sayansi, ramani ya dunia na nyimbo za Misa. Hatutaki kuizima taa. Tunataka mtoto ajue ni nani aliyeiwasha.

Na tuanze na sisi wenyewe. Tangazo lile la kubeti lilikuja kwa sababu ya nyayo tulizoziacha kila usiku. Mtoto aliyeshika simu yetu alitembea katika njia tuliyoikanyaga sisi. Ni vema kila frateri, na kila baba na mama, ajiulize: nikimpa mtoto simu yangu sasa hivi, bila kufuta kitu, matangazo yatakayomjia yatamweleza nini kuhusu mimi?

Siku ya kuondoka, tukisubiri boti ya Kigoma, yule mvulana alikuja kutuaga. Tulimwambia kwamba tutaandika habari hizi katika jarida la seminari, bila kumtaja jina. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na hilo jarida nani analilipia, Frateri?" Tukamjibu kwamba ni waamini, kwa michango yao. Akauliza tena, "Na mnataka wafanye nini?"

Basi tunamjibu hapa, mbele yenu. Tunataka leo jioni, kabla mtoto hajaichukua simu, mmoja wenu aketi naye dakika kumi.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.